Simba Anazaa kwa Jirani

Washairi wetu wameisifu masika, nayo inastahili. Mvua ya masika ina adabu. Hutanguliwa na joto la kunata, hufunga wingu jeusi upande wa bahari, hupuliza upepo mpaka mabati yalie, ndipo ishuke. Hata kuku hupata nafasi ya kukimbilia uvunguni. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wazee, na ni wazi kwamba wazee hao hawakuwahi kuanika nguo Reading, Uingereza, mwezi wa Aprili.

Leo namsifu asiyesifiwa: manyunyu ya majira ya chipuko ya Uingereza. Hayabishi hodi wala hayaagi. Huilowesha nyumba namba 16 na kuiacha namba 14 kavu kama biskuti.

Asifiwaye huanziwa nasaba. Baba wa manyunyu haya ni jua la Aprili, na msilidharau: jua la tarehe 20 Aprili hupanda juu angani sawa na la tarehe 22 Agosti, kwa hiyo lina nguvu ya kuipasha ardhi moto. Mama yake ni bahari, ambayo mwezi huo bado haijatoka kwenye baridi ya kipupwe. Mshenga ni hewa inayoteremka kutoka upande wa ncha ya kaskazini. Ardhi ikipata moto chini ya hewa hiyo baridi, hewa ya chini hupanda kwa mapovu, mithili ya uji jikoni. Mpishi anajua kwa yakini kwamba uji utatokota, na anajua hata baada ya dakika ngapi. Lakini mwambie aoneshe kwa mwiko ni wapi povu lijalo litapasukia! Wingu zima la manyunyu laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na mara nyingi halimalizi saa. Limezaliwa, limekulowesha, limekufa, wala hamkujuliana hali.

Ukoo ni mkubwa. Yupo binamu aitwaye haar, ukungu wa pwani ya mashariki ya Uskoti, unaozaliwa hewa vuguvugu ikipita juu ya Bahari ya Kaskazini. Siku akiamua kutembea, watu wa Edinburgh hufunga vifungo vya makoti huku wenzao wa Glasgow, umbali wa kilomita 70 hivi, wakilamba aiskrimu. Yupo na shangazi mkorofi, theluji ya kuchelewa, ambaye tarehe 2 Juni 1975 aliingia uwanja wa Buxton na kusimamisha mechi ya kriketi kati ya Derbyshire na Lancashire. Juni! Wachezaji walikuwa wamevaa nyeupe, na uwanja nao ukavaa nyeupe.

Nije kwenye matendo ya manyunyu yenyewe, nianze na lililonipata mwenyewe. Siku mbili kabla ya Idi nilifua kanzu yangu, nikatazama simu. Simu ikachora jua linalotabasamu na kunihakikishia asilimia 10 tu ya mvua. Nikaanika, nikabana vibanio vinne, nikaingia ndani kuchemsha chai. Maji hayajachemka nikasikia kishindo kwenye paa la banda la uani. Nilipotoka, mvua ilikuwa imeshaanza kazi, na jua nalo likiwaka vilevile, wala halikuona haya. Ng'ambo ya barabara jamaa mmoja alikuwa akikata majani yake kwa mashine, mkavu, kichwani hana hata kofia. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Wangefika hapa wangeongeza: wala usianike nguo kwa jua la mwenzio.

Jirani yangu, bibi wa Kiingereza ambaye kwa miaka mitatu salamu yetu ilikuwa kutikisiana vichwa, alitoka mbio na kuanza kuanua mashuka yake. Alipomaliza akafungua geti dogo, akaja kuniokolea kanzu. Akaikung'uta, akaitazama urefu, akaniuliza kwa upole kama ndilo gauni langu la kulalia. Tukacheka mpaka mvua ikakatika, yaani dakika sita. Tangu siku hiyo ananiita mpenzi, kama wanavyoita hapa hata dereva wa basi, na namjua hadi paka wake. Ni utabiri gani sahihi uliowahi kuwaunganisha watu hivyo? Lau simu ingesema kweli, kila mtu angebaki ndani kwake na nguo zake kavu.

Kwetu Tanga jua likiwaka huku mvua ikinyesha, twasema simba anazaa. Ni tukio la mara moja moja, na watoto hutoka nje kulishangilia. Uingereza mwezi Aprili simba anazaa kabla ya chai, anazaa baada ya chai, na akipumzika hapa anakwenda kuzalia kwa jirani. Sasa naelewa kwa nini jezi ya timu yao ya taifa ina simba watatu. Ninachoshangaa ni kwamba wamewahesabu watatu tu.

Lakini tendo kuu la manyunyu haya ni kuwafunza wakubwa adabu. Robert FitzRoy, nahodha aliyemzungusha Charles Darwin duniani kwa meli ya Beagle, ndiye aliyeiongoza tangu mwaka 1854 idara ya hali ya hewa ambayo leo ni Met Office. Mwaka 1859 meli Royal Charter ilivunjika pwani ya Wales na watu zaidi ya 400 wakafa, naye akaanzisha maonyo ya dhoruba kwa telegrafu. Tarehe 1 Agosti 1861 utabiri wake wa kwanza kwa umma ukatoka katika gazeti la The Times. Uliposibu, watu waliona ni haki yao. Ulipokosea, walimcheka. Tarehe 30 Aprili 1865 alijiua. Hapa naweka zumari chini kidogo, maana madeni na unyonge wa moyo vilikuwa mzigo mzito kuliko dhihaka, na mvua yangu sitaki kuibebesha damu ya mtu. Siku hizi jina lake husomwa redioni katika taarifa za mabaharia, kwa kuwa mwaka 2002 eneo moja la bahari liliitwa FitzRoy.

Baadaye akaja Lewis Fry Richardson, aliyeamini kwamba hewa inaweza kupigiwa hesabu. Alichagua siku moja ya chipuko, tarehe 20 Mei 1910, na wakati akihudumia magari ya wagonjwa nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia akakokotoa kwa mkono saa sita za hali ya hewa ya Ulaya ya kati. Jibu lilisema kanieneo ya hewa itapanda kwa milibari 145, kiasi ambacho hakijawahi kuonwa na binadamu yeyote. Vipimo vya siku ile havikuwa vimetikisika. Cha kupendeza ni kwamba mwaka 1922 alilichapa kosa hilo kitabuni, wazi, mbele ya watu. Leo kompyuta hufanya kazi ileile kwa njia aliyoichora yeye, na Met Office hukigawa kisiwa katika miraba ya kilomita moja na nusu. Hata hivyo, kulinasa wingu la kilomita tatu kwa miraba hiyo ni kama kumchora sisimizi kwa brashi ya chokaa.

Wapo watakaoniambia kwamba naisifu nchi kwa kulowa. Wamekosea. London hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Fahari ya mvua ya Uingereza haimo katika wingi, imo katika ugawaji: kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko siku uliyoacha mwavuli nyumbani.

Na wasomi wamekubali somo. Hapahapa Reading kuna kituo cha Ulaya cha utabiri, na kazi yao siku hizi haianzii kwenye jibu moja. Huiendesha kompyuta mara 51, kila mara wakiubadilisha mwanzo kidogo tu, kama mtu anayeuliza swali lilelile kwa waganga 51. Wakisema mvua 20 kati yao, hiyo ni karibu asilimia 40. Ndiyo hekima ambayo mvua imewafunza kwa miaka zaidi ya 150: kusema huenda, na kuitaja hiyo huenda ni kubwa kiasi gani.

Asubuhi ya Idi, nikiwa ndani ya kanzu yenye unyevu kwenye pindo, mama alipiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Huko kwenu mvua au jua?"

"Vyote, mama."

"Basi simba anazaa. Na kesho je?"

"Wanasema mvua asilimia 40."

"Asilimia 40 ndiyo nini?"

"Ndiyo inshallah yao, mama."

Akanyamaza kidogo, akiipima.

"Mbona ndogo?"