Uainishaji wa Transiva kwa Misingi ya Uadilifu

Wataalamu waliotangulia wameziainisha transiva za mtandao kwa umbo: GBIC nene, SFP iliyoirithi, kisha SFP+, QSFP na jamaa zake. Wengine walitumia kasi, wengine urefu wa wimbi la leza. Mbinu zote hizo zina kasoro moja: zinatueleza kifaa kilivyo, hazitudokezi kama kinasema kweli.

Kabla ya kuainisha, kuna suala la ngeli. Sarufi ya shuleni inaiweka transiva katika I-/ZI-, pamoja na meza na kalamu. Sikubaliani. SFP ina kumbukumbu ya baiti 256, na humo limeandikwa jina la mtengenezaji (baiti ya 20 hadi ya 35, herufi 16, hata kama ukoo una jina refu), namba ya utambulisho, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya kazi inazozimudu. Ikichomekwa kwenye swichi huhojiwa, nayo hujibu. Kiumbe mwenye jina, umri na uwezo wa kudanganya anastahili A-/WA-, na kuanzia hapa nitamtaja hivyo.

Sheria inayomhusu ni waraka wa INF-8074i wa mwaka 2001. Wauzaji huutaja kana kwamba ni amri ya serikali. Waraka wenyewe ni mpole zaidi: unakiri kwamba kamati ya SFF haikuutunga wala haikuuidhinisha, imeusambaza tu kwa kuwa wenye shughuli za kuhifadhi data huenda wakavutiwa nao. Ni mapatano ya watengenezaji (MSA). IEEE, kwa upande wake, inaeleza jinsi mwanga utakavyosafiri ndani ya faiba, lakini kijisanduku chenyewe haikijadili. Kwa hiyo ushahidi mkuu ambao swichi inao kuhusu transiva ni maneno ya transiva. Ipo baiti ya 63 inayohakiki jumla ya zile zilizoitangulia, ila inachothibitisha ni kwamba maneno yamefika kama yalivyoandikwa. Mwongo anayejua kujumlisha hupita bila taabu.

Kundi la Wakweli halina mengi ya kusimuliwa. 1000BASE-LX husema nanomita 1310, na kweli hutoa 1310. Tena hupewa kazi kubwa kuliko alivyoahidi: IEEE ilimwandikia kilomita 5 mwaka 1998, soko likamuuza kwa kilomita 10, na kilomita hizo 10 zikaja kuhalalishwa mwaka 2004 kwa jina la LX10.

Wanyamavu ndio ninaowaheshimu zaidi. Wamo wale wa BiDi, wanaotuma na kupokea kwenye uzi mmoja wa faiba kwa mawimbi mawili tofauti. Kiwango cha BX10 kinataka 1310 na 1490. Wako waliotengenezwa kwa 1310 na 1550, na kwa kuwa wanajua hawatimizi sharti, hawaweki alama yoyote kwenye sehemu ya kutaja viwango. Kerneli ya Linux ikikutana na ukimya huo hutazama kasi iliyoandikwa, kisha hukisia. Kundini yumo pia ZX, anayevuka kilomita 70 kwa 1550 ilhali IEEE haijawahi kumwandikia kiwango. Hana cheti, na kazi anaifanya.

Wanaojisifu wana mfano bora katika U-Fiber Instant wa Ubiquiti, transiva wa GPON. Ukimuuliza anaweza nini, hujibu kwamba anaweza kila kitu, gigabiti 10 zikiwemo. Walioandika programu ya Linux waliacha maelezo kwamba hiyo si kweli, wakafuta madai yote na kumbakishia 1000BASE-X peke yake. Yupo na wa kinyume chake: MA5671A wa Huawei anamudu gigabiti 2.5, lakini amejiandikisha kwa 1.2. Kitaaluma huo nao ni uongo, ingawa wazee wangeuita adabu.

Wagumu wa Kuhojiwa ndio waliowachosha waandishi wa programu. Transiva wenye chipu za Realtek RTL8672 na RTL9601C, wakiombwa baiti kadhaa kwa mkupuo, hutoa moja ya kweli na sufuri kwa zilizobaki. Dawa ni kuwauliza baiti mojamoja. Dawa hiyo hiyo humuua 3FE46541AA wa Nokia: ukimuuliza baiti ya 81 peke yake, iliyo ndani ya namba yake ya utambulisho, huganda. Mhojaji basi inabidi amjue anayehojiwa kabla ya kumuuliza jina. Na sheria inampa kila mmoja milisekunde 300 za kujiandaa, ila baadhi ya GPON hungojwa hadi sekunde 60, maana ndani yao mna kompyuta nzima inayowasha Linux yake.

Wenye Muhuri ndio wanaouvuruga utafiti huu. Baiti ya 96 hadi ya 127 zimeachiwa watengenezaji, na baadhi ya wauza swichi huficha humo alama yao. Transiva asiye nayo hufungiwa mlango. Funguo za mlango huo zinajulikana: kwenye swichi za Cisco huandikwa "service unsupported-transceiver", na kwenye kadi za Intel "allow_unsupported_sfp=1". Ukishaandika, aliyekataliwa anafanya kazi kama kawaida. Kukataliwa kwake, basi, hakukuhusu kiwango, kulihusu biashara. Ndiyo maana muuzaji mzoefu huuliza "unataka ya kampuni gani?", akamweka transiva kwenye kifaa cha kuandikia kumbukumbu na kumtoa akiwa na uraia mpya. Mwanasayansi afanyeje na spishi inayohama ukoo kaunta ikitazama?

Neno "MSA" kwenye boksi lina maana finyu: kwamba kijisanduku kitaingia, pini 20 zitagusa, na kurasa za kumbukumbu zimepangwa inavyotakiwa. Unaponunua, omba achomekwe kwenye kifaa chako mwenyewe, uandike "ethtool -m", usome nguvu ya mwanga anaoupokea. Hiyo ameipima, hakuikariri. Hata hapo SFF-8472, waraka unaohusu vipimo hivyo, unamruhusu kukosea kwa desibeli 3, yaani kutaja nusu au mara mbili ya ukweli na bado akahesabiwa mwadilifu. Nenda na pawa mita yako.