Utukufu wa U0121

Injini zimesifiwa, rimu zimesifiwa, hata vibandiko vya kioo cha nyuma vimepata washairi wao. Leo ni zamu ya hitilafu. Namsifu mheshimiwa U0121, anayejitokeza kwenye mashine ya kupimia magari kutangaza kwamba mawasiliano na kompyuta ya breki za ABS yamepotea. Nani kayakata, wapi, lini? Hasemi. Mbea gani wa mjini ana staha ya namna hii?

Nasaba yake si haba. Mwaka 1986, huko Detroit, kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitambulisha CAN: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambamo kompyuta za gari huzungumza kwa zamu. Siku hizi rada iliyofichwa mbele ya gari ikiona lori limesimama, hupeleka ombi kwenye nyaya hizo. ABS ikalipokea, ikawasha pampu, gari likashika breki kabla mguu wa dereva haujafika. ABS nayo huijulisha rada mwendo wa magurudumu. Penye wengi pana mengi, na katika mengi hayo ndimo alimozaliwa U0121.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Fundi mwenye haraka akisoma neno ABS, anaagiza kompyuta mpya ya ABS. Inafungwa, taa ya dashibodi inawaka. Anaagiza rada. Taa inawaka. Muuza spea anafunga duka akimshukuru Mola, na fedha ya mteja iliyolala benki imeingia kwenye mzunguko bila hotuba ya bajeti.

Fadhila ya pili: humpambanua fundi wa kweli. Huyo haagizi kitu kwanza. Anasoma kompyuta zote za gari, maana anayelalamika si lazima awe ndiye mgonjwa. Ikiwa injini, usukani na rada zote zinaililia ABS, anaanza na ABS yenyewe: fyuzi, umeme unaoingia, ethi. Ikiwa rada peke yake ndiyo haiisikii, ilhali wenzake wanaongea nayo vizuri, anaifuata rada. Kisha anazima gari, anatoa terminali ya betri na kuchomeka ncha za multimita kwenye tundu la 6 na la 14 la soketi ya kupimia. Kwa magari mengi, omu 60 ni habari njema: kila mwisho wa njia una rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba hutoa 60. Akisoma 120, upande mmoja umekatika. Akisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

Mara nyingi safari hiyo humfikisha nyuma ya bampa. Gari liligongwa kidogo, bampa likapigwa puti na rangi, plagi ya rada ikarudishwa bila kilimi chake cha kufungia. Mvua ikanyesha, pini zikaota kutu ya kijani. U0121 alikuwa na fununu ya yote hayo, ila hakutaka kumwaibisha fundi wa bodi mbele ya mteja.

Fadhila ya tatu ndiyo kubwa. Akitokea, breki ya kujishika yenyewe hujiondoa kazini, na taa ikawaka kumjulisha dereva. Pedali bado inasukuma mafuta ya breki, ingawa magurudumu yanaweza kukwama na kuserereka ABS ikiwa imelala. Utani kando: rada isiyoisikia ABS ikajitoa kwa uwazi ni salama kuliko ile ambayo ingebahatisha. Ningependa kuona ni ofisi ngapi zingekuwa na taa nyekundu mlangoni, kama idara zake nazo zingetakiwa kukiri zinapoacha kusikilizana.

Mheshimiwa ana adui mmoja, naye ni mtaalamu wa kufuta hitilafu. Anabonyeza, taa inazimika, anapokea chake, mteja anaondoka akitabasamu mpaka kwenye tuta la kwanza. Katika kufuta huko zimepotea pia kumbukumbu zilizohifadhiwa pamoja na hitilafu: gari lilikuwa kwenye mwendo gani, betri ilikuwa na volti ngapi. Basi ukimkuta U0121, mhoji kwanza, andika kila alichosema, rekebisha waya. Ndipo umfute, tena kwa adabu, maana ndiye pekee katika gari zima aliyekueleza kwamba mlinzi wako, rada, haisikii tena breki.