Nyota Wetu Jenereta

Wengine huwasifu waigizaji, wengine humsifu mwongozaji, na mpiga picha akishalipwa hujisifu mwenyewe. Mimi leo namsifu jenereta, huyu mfupi anayekohoa uani wakati sisi tunarekodi vichekesho sebuleni.

Studio zetu za Likasi unazifahamu. Godoro limeegemezwa dirishani lizuie kelele za pikipiki, shuka limetundikwa ukutani, na mama mwenye nyumba anauliza tutamaliza lini apate kupika. Mwongozaji anapiga kelele kama mwenye mamlaka, lakini kila mtu anajua nani mkubwa pale. Jenereta akikohoa mara moja, mkwe mvivu anaganda mlangoni mdomo wazi, mama mkwe anashusha mwiko wake, na taa zinafifia kwa adabu.

Wapo wanaomdharau kwa sababu ya ukoo wake. Husema mji huu una jamaa wakubwa wa umeme: Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, anazalisha tangu 1930, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na Koni akamfuata mtoni. Mwaka 1982 ikakamilika laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700 za nyaya zilizopita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. Sawa, ni wakubwa. Lakini wote hao walizaliwa kwa ajili ya shaba. Kiwandani Shituru, kunakoyeyushwa na kusafishwa madini, ndiko walikoposwa. Kwetu sebuleni wanapita kama wageni wenye haraka, na mara nyingi hawapiti. Jenereta peke yake ndiye aliyekubali kufanya kazi kwa ajili ya kichekesho.

Tena ni mwalimu. Ngurumo yake huingia katika kila neno, hata tusi zuri la mama mkwe linasikika kama kinu cha kusaga mahindi. Matokeo yake waigizaji wamejifunza kusema kwa macho, kwa mabega, kwa namna ya kukaa kwenye kiti kibovu. Chaplin alipotoa City Lights mwaka 1931, wakati filamu zenye maneno zimeshatapakaa, yeye alikataa kusema kwa hiari yake. Sisi tumefikishwa kwenye ufundi ule ule kwa lazima, na bila gharama ya masomo.

Akizimika kabisa, ndipo faida inapozidi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza miaka mingi kwa Kiswahili cha kwetu bila maandishi ya kukariri: walikaa, wakakizungumza kisa, kila mmoja akaleta maneno yake. Nasi tukikaa gizani tukimsubiri fundi aje kusafisha plagi, tunakizungumza kisa chetu, na utani bora wa filamu nzima unazaliwa hapo. Bahati mbaya haurekodiwi, maana umeme hakuna.

Ana tabia za nyota, sikatai. Anakula kabla ya wote. Waigizaji wanasubiri bukari hadi jioni, lakini yeye chupa yake lazima ifike asubuhi kutoka kwa wale vijana wa kando ya barabara tunaowaita Kadafi, na ikiwa petroli imechanganywa anakataa kazi waziwazi. Mwigizaji gani wetu ana ujasiri huo?

Watesi wake humtupia jambo moja zito. Mwaka 2016 ilitoka filamu The Siege of Jadotville, kuhusu wanajeshi wa Ireland zaidi ya 150 waliozingirwa katika mji wetu huu, enzi ulipoitwa Jadotville, Septemba 1961, wakapigana mpaka wakaishiwa maji na risasi. Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Likasi haikupata hata nafasi ya kupita nyuma ya kamera. Watu wanasema, nani angeleta kamera za gharama mahali pa jenereta kama huyu? Ni uonevu. Hakualikwa. Angealikwa, sauti za bunduki zisingehitaji kuongezwa, moshi ungetoka kwake, na mzingiro wa siku tano angeurefusha hadi miezi mitano.

Kwa hiyo naomba hadharani: filamu yetu ikiisha, majina yanapopanda kwenye skrini, lake litangulie la mwongozaji. Nawe msomaji, ukija kututazama tukirekodi, usije na maua. Njoo na lita tano, na uonje kwanza kama si maji.