Eti Lilikuwa la Mama!

Jamani, hebu tusaidiane kushangaa. Mtu anakwenda sokoni Tandika kununua papai. Analibonyeza, analinusa, analigeuza huku na huku, anauliza limechumwa lini, analirudisha, anachukua la pili, anaanza upya. Mtu huyohuyo, akiwa na shilingi milioni 13 alizokusanya kwa vikoba, mkopo wa kazini na kipande cha shamba la urithi, akienda kununua gari, analizunguka mara moja, anapiga tairi teke, anaweka kiganja mbele ya AC, anasema, "Aisee, kipupwe hiki!" Biashara imeisha. Mh! Hapo hata msonyo hautoshi.

Kijiwe chetu kiko Temeke, kwa muuza kahawa na kashata, na madalali wa magari ni wateja wa kila siku. Maneno yao tumeyakariri kama watoto wa madrasa. Injini haijafunguliwa. Rangi ya kiwandani. Namba E hii, bado linanukia meli. Halafu linakuja lile kubwa lao: "Kaka, hili lilikuwa la mama, alikuwa analiendea kanisani tu." Kwa magari ya mama niliyoonyeshwa mimi, makanisa ya Dar es Salaam yangekosa pa kuegesha! Na wanunuzi nao wanauliza lita moja inakwenda kilomita ngapi, spea zake bei gani, likiuzwa tena litarudisha hela? Maswali mazuri, sikatai. Lakini nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi, na sijasikia mtu akiuliza: likigonga, aliyemo ndani linamlinda vipi? Mifuko ya hewa iko mingapi, na iko kweli, au ilishapasuka zamani na usukani ukashonwa upya? Sijasikia. Wallahi sijasikia.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda, msomaji huyu, akatuletea habari kwamba Marekani serikali huwaandikia watengenezaji wa magari kila mwaka na kuwauliza: gari lenu jipya lina vifaa gani vya usalama? Kipi kinakuja na kila gari, kipi mnunuzi analipia zaidi? Kisha majibu wanapewa wananchi bure, kabla hawajatoa senti. Dalali mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu, wewe umuulize mwenye mali ubaya wa mali yake, akujibu? Mwamba ngoma huvutia kwake!"

Lo! Kijiwe kikanyamaza, maana swali la dalali lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Na Wamarekani wenyewe walilijibu kwa gharama kubwa.

Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichowashtaki watengenezaji wa magari kwamba wanauza urembo na kuacha watu wafe. Sura ya kwanza ilihusu Chevrolet Corvair, gari la kampuni ya General Motors, ambalo yeye alisema mfumo wake wa magurudumu ya nyuma ulimponyoka dereva kwenye kona. Sasa kampuni kubwa kama ile, yenye mainjinia wa kujaza uwanja wa mpira, ungetegemea ifanye nini? Irekebishe gari, au ijibu hoja kwa hoja. Aka! Ikaajiri wapelelezi. Wakamfuatilia, wakawahoji rafiki zake kama ana tabia mbaya, na Nader akaeleza kwamba walitumwa hata wanawake wamtege. Jamani! Mtu kasema gari linapinduka, jibu lake ni kumtafutia mchumba wa uongo? Machi 1966 mkuu wa kampuni, James Roche, aliitwa mbele ya kamati ya Seneti akaomba radhi hadharani. Nader alishtaki, na mwaka 1970 akalipwa dola 425,000. Kabla ya hapo, Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson alikuwa ameshatia saini sheria ya usalama wa magari. Mwaka 1970 ikazaliwa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ambayo ndiyo inayoandika hizo barua za maswali mpaka leo.

Na wajue wasiojua: Marekani hakuna ofisa anayekagua kila aina ya gari na kuigongea muhuri kabla haijauzwa. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayetamka kwamba gari lake limetimiza viwango, na serikali humfuata kwa nyuma kumshika akidanganya. Ndiyo maana mwaka 1979, mkuu wa NHTSA akiwa mama mmoja jasiri, Joan Claybrook, mamlaka ilianza kununua magari na kuyabamiza ukutani kwa kilomita 56 kwa saa, ndani imekaa midoli iliyojaa vipima. Kiwango cha sheria kilikuwa kilomita 48, na wao wakaongeza kusudi ili tofauti ionekane. Tangu mwaka 1993 matokeo hutolewa kwa nyota, moja hadi tano, hata asiyejua fizikia aelewe. Na magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2007 hubandikwa nyota hizo dirishani, kwenye karatasi ya bei. Karatasi yenyewe ni ya sheria ya mwaka 1958 ya seneta Mike Monroney, aliyechoshwa na wauzaji wanaotaja bei kwa kumtazama mteja sura. Kuibandua kabla gari halijamfikia mnunuzi ni kosa la jinai. Ee Mola! Sisi huku karatasi ya dirishani inasema "Inauzwa", na namba ya simu chini.

Nisikilizeni lakini, msije mkadhani kule wamefika peponi. Binadamu ni yuleyule. Mwaka 2014 General Motors walinaswa na jambo la swichi ya kuwashia gari, kwenye magari madogo kama Chevrolet Cobalt. Ufunguo uliweza kujizungusha wenyewe gari likiwa mwendoni. Injini inazima, usukani unakuwa mgumu, na mifuko ya hewa haifumuki ajali ikitokea. Magari milioni 2.6 yakaitwa warshani. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Na ndani ya kampuni walikuwepo waliojua tangu zaidi ya miaka 10 nyuma! Halafu ndipo serikali ikaanika karatasi za mafunzo za mwaka 2008, ambamo kampuni iliwapa wafanyakazi wake maneno 69 wasiyatumie wanapoandika ripoti. Shikeni vikombe vyenu vizuri. Neno "kasoro" marufuku, andika "halifanyi kazi kulingana na lilivyobuniwa." Neno "tatizo" marufuku, andika "jambo", au "hali". Neno "usalama" lenyewe limo! Usiandike "mtego wa mauti", usiandike "jeneza linalotembea", usitaje Titanic. Na usiandike kwamba gari liko "kama Corvair". Mnaona? Zaidi ya miaka 40 imepita, na jina lile bado linawatoa jasho. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa walificha maradhi kwenye kamusi, na kifo kikaumbua watu wengine kabisa, waliokuwa wanaendesha kwenda kazini. Hapo mimi sicheki tena. Hapo nakunja uso.

Kwa hiyo dalali wetu alikuwa na haki nusu. Mwenye mali hajibu kwa kupenda. Anajibu kwa sababu swali limeandikwa, jibu limewekwa faili, na siku likionekana la uongo kuna pa kumshikia. Baadhi ya alama ambazo mamlaka huvipa vifaa vya usalama hutolewa kwa takwimu zinazoletwa na watengenezaji wenyewe, kisha mamlaka inachukua magari machache na kuyapima tena. Ni kama mwalimu anayewaacha wanafunzi wajisahihishe halafu anachomoa madaftari mawili matatu. Si kamilifu. Lakini mtoto anayejua daftari lake linaweza kuchomolewa huandika kwa adabu.

Hata kwenye kutaja majina wana vituko vyao. Breki inayojikanyaga yenyewe gari likikaribia kugonga ni kitu kimoja, sivyo? Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilihesabu mwaka 2019 kikakuta watengenezaji wameipa majina 40. Arobaini! Chombo cha kukusaidia ubaki kwenye mstari wako wa barabara, majina 19. Kila kiwanda kinataka mteja aamini kwamba kitu hicho anacho yeye peke yake duniani, kama waganga wa vibandani: dawa moja, kila kibanda kina jina lake. Mnunuzi anasoma majina hayo ya fahari na hajui kama analipia breki au redio. Ndipo dodoso la serikali linaposaidia, maana linauliza wote kwa neno moja: kipo, au hakipo?

Na midoli! Nikaipenda zaidi hii. Kwa miaka mingi mdoli wa kwenye jaribio la kugonga kwa mbele alikuwa na mwili wa mwanamume wa wastani. Majaribio yalipoboreshwa kwa magari ya mwaka 2011, akaingizwa mdoli wa mwanamke mdogo, wa kilo 49 hivi. Wakamweka wapi? Kiti cha abiria. Usukani wakambakishia baba. Mama muuza kahawa alipolisikia hilo akaliweka birika chini, akashika kiuno. "Yaani gari likiuzwa, lilikuwa la mama. Likipimwa, dereva ni baba?" Hatukuwa na jibu, na sijalipata hadi ninavyoandika.

Sasa msiseme hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu mpaka kwenye mbavu. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye magari ya viwanda vingi mno. Kemikali ya kuifumua, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, huharibika, na siku ya ajali kasha la chuma linapasuka na kumrushia vipande yule liliyepaswa kumlinda. Marekani pekee mifuko takriban milioni 67 iliitwa irudishwe, na majimbo ya joto na unyevu kama Florida yakapewa kipaumbele. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani, kwamba iliwapa watengenezaji wa magari takwimu za majaribio zilizochakachuliwa, ikatozwa dola bilioni 1. Sasa nitajieni sehemu yenye joto na unyevu. Tanga. Mombasa. Unguja. Hapa tulipokaa, shati limegandana na mgongo saa nne asubuhi! Na magari yetu mengi yalizaliwa Japani miaka hiyohiyo. Gari linavuka bahari na mfuko wake, na ile barua ya kumwita mwenyewe warshani inabaki inapiga hodi kwa mmiliki wa kwanza, Yokohama huko, ambaye alishalisahau.

Na sisi tunavyolipokea sasa, Mtume! Taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anaombwa aizime. Aizime taa, jamani, na ubovu auache humohumo! Mkanda tunaujua kama vazi la kumwonyesha trafiki: ukimwona kwa mbali unautupia begani, ukimpita unaurudisha. Wapo walionunua kile kichuma cha kuchomeka kwenye kifungio ili mlio unyamaze. Mtu anatoa hela yake halali anunue ukimya wa kitu kinachomwambia asife. Nimeyaona kwa macho haya, nawe umeyaona, usijifanye mgeni.

Basi baada ya ubishi ule, jirani yangu mmoja, mwenye kigari kidogo cha Kijapani alichokinunua mwaka jana, akamwambia kijana wa bodaboda ajaribu kulitafuta lake mtandaoni, kama nalo limeitwa warshani. Tovuti ya Marekani ikagoma, maana inataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari yaliyouzwa ndani ya Japani yana namba fupi ya chesisi. Kijana hakukata tamaa. Akaingia tovuti ya mtengenezaji ya kulekule Japani, akaandika namba ya chesisi, ukurasa ukafunguka umejaa maandishi ambayo kijiwe kizima hakuna aliyeweza kusoma hata alama moja. Tukainamia simu kama watu wanaotafuta sindano. Akaitumia programu ya kutafsiri. Kiswahili kilichotoka kilikuwa kimepindapinda, lakini tulielewa: kifaa cha kufumulia mfuko wa hewa, upande wa abiria, hakijabadilishwa.

Hakuna aliyesonya. Hata dalali alikuwa anatazama kikombe chake.

Jirani hakusema neno. Alinyanyuka, akaenda kwenye gari lake lililoegeshwa pale karibu na mtaro, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akautoa mto mdogo wa bluu anaoukalia binti yake kila asubuhi wakienda shule, akauhamishia kiti cha nyuma.