Wanga Umenizunguka Pande Zote

Mtu anayetaka kuacha pombe hahamii kilabuni. Mimi nimeambiwa nipunguze wanga, na ninaishi Nkoaranga.

Kwa wasiofika: ukitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, ukaipita Tengeru, maeneo ya Usa River unakunja kushoto na kuanza kuupanda Mlima Meru. Kuanzia hapo utaona migomba mpaka uchoke. Migomba kulia, migomba kushoto, kahawa chini ya migomba, ng'ombe zizini anatafuna mgomba, na nyumba za watu zimo humohumo. Nikifungua dirisha la chumbani asubuhi, jani la mgomba linaingia ndani na umande wake. Ndizi kwetu hatuzitafuti, zinatutafuta. Mkungu ukikomaa usipoukata wewe, atakusaidia jirani, na ukilalamika utaulizwa ulikuwa wapi.

Sasa mtu wa mahali hapo ndiye anayeambiwa asile ndizi.

Aliyeniambia ni daktari mmoja wa mjini, simtaji jina wala hospitali yake. Alilisalimia tumbo langu kabla hajanisalimia mimi. Akapima presha, akapima sukari, akanizungushia kiunoni ile futi ya mafundi cherehani, akaguna. Kisha akanipa karatasi. Upande wa kwanza vyakula vya kuacha: ugali, wali, chapati, mkate, maandazi, viazi, magimbi, mihogo, ndizi, uji, soda, sukari. Nikamuuliza, daktari, mtu akiondoa hivyo vyote mezani si anabaki na kitambaa cha meza? Akaigeuza karatasi. Upande wa pili wamejaa brokoli, salmoni, lozi na mafuta ya zeituni. Huyo salmoni sijawahi kukutana naye, si akiwa hai wala akiwa marehemu. Mwandishi wa karatasi ile hakuwa na habari kwamba duniani kuna mchicha, mnafu, figiri na parachichi, vitu vinavyoota nyuma ya choo changu bila kuombwa.

Nilipofika nyumbani nikadhani nitahurumiwa. Thubutu. Mama watoto alikuwa ameshamsikia Profesa Janabi. Nani nchi hii hajamsikia Profesa Janabi? Daktari bingwa wa moyo, aliyeiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaenda kuiongoza Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Kwa miaka kadhaa video zake zimekuwa zikizunguka kwenye simu zetu, akitusihi tupunguze sukari, tupunguze wanga, na tuache kula kila saa. Watanzania tukafanya kile tunachokiweza kuliko mataifa mengine: tukamtungia vichekesho. Mtu hawezi kupiga picha na sahani ya wali siku hizi bila mwenzake kumwandikia kwamba Profesa anakuona. Alipochaguliwa kwenda kwenye ofisi hiyo Brazzaville nilijisemea, haya, kazi za bara zima zitamshughulisha, nasi tutapumua. Nilisahau kwamba video haihitaji pasipoti. Mama watoto ana akiba yake kwenye simu, na kila nikinyoosha mkono kwenye hotipoti ya ndizi, anaongeza sauti.

Nikaamua kutafuta aliyeanzisha balaa hili. Kumbe ni la zamani. Mwaka 1863 huko London, Mwingereza William Banting, ambaye ukoo wake ulikuwa ukitengeneza majeneza na kusimamia mazishi, tena ya wafalme, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa amenenepa hata kufunga kamba za viatu hawezi, na ngazi anazishuka kinyumenyume. Daktari wake, William Harvey, akamkataza mkate, viazi, sukari, bia, siagi na maziwa. Akapungua, akaona asiifiche neema. Nampa heshima zake, maana muuza majeneza anayewafundisha wateja namna ya kuchelewa si mtu wa kawaida. Ila nilipoisoma orodha ya alivyoruhusiwa nilisikitika sana: nyama au samaki asubuhi, mchana na jioni, pamoja na glasi kadhaa za mvinyo. Hilo la mvinyo kwenye karatasi yangu lilisahauliwa.

Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na hawa wataalamu wote, kuanzia huyo Banting, aje Robert Atkins wa Marekani na kitabu chake cha mwaka 1972, aje Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini aliyeyafufua haya juzijuzi. Wote wanazungumza kana kwamba wanga na nyama vinakaa rafu moja, wewe ni kuchagua tu. Kwangu ndizi iko hatua kumi kutoka mlangoni, haina bei. Nyama iko buchani, ina bei, na mwenye bucha ana daftari lenye jina langu. Nenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi uone. Mikungu imelala chini, imepangwa safu kwa safu, viazi vimejaa ndoo mpaka vimefanya kilima juu, mahindi, magimbi, mihogo, yote yanakuita. Mayai yako wapi? Yule mama kule pembeni, ana trei mbili, na ukimuuliza bei anakutazama viatu kwanza.

Tena sisi ni Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, hatukukaa kulia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege mpaka New York, akasimama Umoja wa Mataifa kuidai ardhi. Najua ile ilikuwa ardhi ya malisho, si ya migomba, msinisahihishe. Nasema tu kwamba watu waliofika huko kote kwa ajili ya udongo, leo kijana wa mjini mwenye futi ya cherehani anawaambia kinachoota kwenye udongo huo wasikiguse. Tungekuwa na Kirilo mwingine ningemchangia nauli.

Haya, tuseme nyumbani nimejikaza. Jumapili je? Sisi Walutheri wa huku asiye na fedha humtolea Mungu mazao, na baada ya ibada yananadiwa pale nje: mayai, kuku, miwa, parachichi, maziwa kwenye chupa, na ndizi, ndizi, ndizi. Siku ile mzee wa kanisa akaanza na trei la mayai. Nikanyoosha mkono. Mama mmoja wa kwaya akapanda dau, nikapanda, akapanda, mwisho akalichukua na kumzawadia mgeni wetu kutoka dayosisi. Watu wakapiga makofi. Kikaletwa kikapu cha parachichi, kikaondoka hivyohivyo. Kisha ukanyanyuliwa mkungu wa mshare, mkubwa, umebebwa na vijana wawili, utomvu bado unachuruzika mkunguni. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Usa River, akapaza sauti: "Huo namnunulia mwalimu!" Vigelegele. Makofi. Mchungaji akatabasamu. Sema wewe, ungesimama mbele ya usharika mzima useme asante, lakini mimi kwa sasa niko kwenye mpango wa kupunguza wanga? Niliupokea kwa mikono miwili, nikainama kidogo, na bodaboda ya kuupeleka nyumbani nikalipa mwenyewe.

Ukweni ndiko kubaya zaidi. Mama mkwe wangu hupika loshoro. Asiyeijua ajue ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakapoa, yakachanganywa na maziwa ya mgando. Chakula hiki kimenitesa kielimu. Maziwa ya mgando yameruhusiwa, mahindi yamekatazwa, na vyote viwili vimo ndani ya bakuli moja vimekumbatiana. Nilijaribu kunywa maziwa na kuyasukumia mahindi upande mmoja kwa kijiko. Mahindi yanarudi. Unayasukuma, yanateleza, yanarudi mdomoni mwa kijiko. Mama mkwe alinitazama kwa muda, akauliza kuna mdudu? Nikamweleza habari za wanga kwa heshima zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniongeza upawa mmoja. "Kula, baba. Hiyo si wanga. Hiyo ni loshoro."

Kila nikilalamika, kuna mjuaji ananiambia niwatazame Wamasai. Wao ni nyama na maziwa tu, na hawana vitambi. Zamani ilikuwa karibu hivyo, hata Marekani walilijua hilo. Miaka ya 1960 daktari mmoja aitwaye George Mann alikuja huku Tanganyika kuwapima wanaume wa Kimasai, akastaajabu kuona wanakunywa maziwa yenye mafuta kiasi kile na lehemu kwenye damu zao iko chini. Sawa. Lakini Mann huyohuyo aliona pia namna wanavyotembea. Mmasai anamfuata ng'ombe kutwa nzima juani. Mimi ng'ombe wangu yuko zizini, majani analetewa, na mimi mwenyewe kutoka barabara kuu napandishwa na bodaboda. Nikimwiga Mmasai kwenye kula tu na kuacha kutembea, sijui kama nitakuwa Mmasai au nitakuwa mgonjwa.

Pamoja na vikwazo vyote hivyo nilipungua. Wiki za mwanzo mkanda uliingia tundu jipya, nikaanza kutembea mbelembele. Nikashuka mpaka mjini, kwa yule kijana anayekaa na mizani yake pembeni ya Soko Kuu, nikalipa, nikapanda, nikasoma, nikaomba asome na yeye. Furaha yangu ilikatwa na shemeji yangu muuguzi. Akanieleza kwamba mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika, maji yanakosa pa kushika, yanatoka. "Kwa hiyo shemeji," akasema akicheka, "hizo kilo za mwanzo umezikojoa." Watu wengine Mungu amewanyima huruma akawapa cheti.

Na kupungua kwenyewe kuna adhabu yake. Ulaya mtu akikonda anapongezwa. Hapa akikonda anaombewa. Vijana wa bodaboda walianza: "Shikamoo mwalimu. Pole." Pole ya nini? Hawasemi. Mzee mmoja akaniuliza kama nimeshaandika wosia, akidai anauliza kwa ujumla tu. Kisha wakaja akina mama wa jumuiya, wamejipanga, na sufuria imefunikwa kwa kanga. Nikafunua. Mtori! Ndizi zimepondwa na nyama, zimelainika, moto, ule ule wanaopewa wanawake waliotoka kujifungua. Wamesikia mwalimu amedhoofika, wamekuja kunirudishia mwili. Walikaa, wakasali, na hawakuondoka mpaka wameliona tako la sufuria. Yaani usipokula ndizi unakonda, ukikonda unaletewa ndizi. Nani ameweza kushinda mchezo wa namna hii?

Shemeji yuleyule ndiye aliyenipa faraja, bila kukusudia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka mwaka 2018. Watu 609, wengine wakapunguza wanga, wengine wakapunguza mafuta, mwaka mzima. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6. Wa mafuta kilo 5.3. Wenyewe wakakiri kwamba hiyo si tofauti ya kutangazia watu. Nimepiga hesabu, tofauti yote ni gramu 700. Gramu 700 za kugombana na kanisa, ukwe, jumuiya na Mlima Meru! Tena pande zote mbili waliambiwa jambo moja: sukari punguza, unga mweupe punguza, mboga ongeza.

Hilo nalikubali, na si kwa sababu ya sauti ya simu. Soda nimeziacha na sukari kwenye chai nimeitoa. Sembe nimeifukuza, ugali ukipikwa ni wa dona na ni tonge chache. Mnafu unapata nusu ya sahani. Kutoka barabara kuu napanda kwa miguu, vijana wa bodaboda wananipita wakinipa pole. Ndizi zimebaki, vipande vichache vya mshare, tena mimi mwenyewe ndiye ninayevihesabu na si mama watoto. Anayetumia dawa za kisukari asiniige, aende kwa daktari wake, hata kama ana futi.

Kwa akina mama wa jumuiya, nawashukuru sana na mlango uko wazi. Siumwi. Mkija tena kuniona, leteni mayai.