Maharage, Makongoro na Kodi ya F

Ukitaka kujifunza gitaa kwa amani, usijifunzie Morogoro. Nenda popote ambako wazee hawana mtu wa kukulinganisha naye. Huu mji kasoro bahari ulishaharibiwa masikio zamani. Kwanza alikuja Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Kisha Mbaraka Mwinshehe akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akalicharaza gitaa la solo mpaka bendi ikapelekwa Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Lakini mitaani kwetu bado yupo. Kuanzia Mwembesongo hadi Mafiga, kila mzee mwenye mvi atakuambia kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimbebea gitaa. Kama wote wanasema kweli, basi gitaa lile lilisafirishwa kwa behewa la mizigo.

Ni katika mji huo mimi nikanunua gitaa kavu, la mtumba, kwa kijana aliyekuwa anahamia Dodoma na nauli imempungukia. Siku hiyo hamu ilikuwa inanitoka puani. Nilichora ratiba kwa kalamu nyekundu: jioni skeli, kisha kodi (zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), kisha nyimbo, Jumapili marudio. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Ratiba hiyo ipo mpaka leo. Mjusi kafiri amehamia nyuma yake, na ndiye pekee anayehudhuria kila siku bila kukosa.

Hamu ni mgeni wa sikukuu: anakuja na keki na vicheko, vyombo haoshi. Aliondoka mara tu vidole vilipoanza kuuma. Watu hawakuambii kuwa gitaa linauma. Nyuzi za chuma zinachimba ncha za vidole vya kushoto mpaka siku ukishika kipande cha ndimu unaona nyota mchana. Halafu kuna ile kodi ya F. Kodi nyingine zinakuomba vidole viwili vitatu, kila kimoja na kituo chake. F inataka kidole cha shahada kilale kifudifudi juu ya nyuzi zote sita, vingine vitatu vijipange mbele yake, na wewe mwenyewe utabasamu. Mara ya kwanza kuipiga, mtoto wa chumba cha pili alikimbia kumwambia mama yake kuwa paka amenasa kwenye bati.

Na huku kwetu hakuna mazoezi ya siri. Nyumba ina vyumba sita, ua mmoja, bomba moja. Jioni moja nilikuwa nalalamika kwa jirani yangu wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki.

“Ndugu yangu, kodi ya F inanishinda kabisa.”

Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni anachambua mchicha. Hakuinua hata uso.

“Na ya mwezi huu?”

Kulikuwa pia na babu wa nyumba ya pili, mmoja wa wabeba gitaa la Mbaraka, ambaye njia yake ya kwenda kuswali magharibi inapita dirishani kwetu. Huyo alikuwa ananikagua kila jioni.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Bado unatyuni, au umeshaanza?”

“Nimeshaanza, babu.”

“Haya. Mbaraka akityuni tu, watu walikuwa wanacheza.”

Kwa maneno hayo nani asingetafuta udhuru? Nami nilikuwa na udhuru wa kila msimu. Masika, mawingu yakishuka kutoka Uluguru, nilisema mbao zimevimba kwa unyevu, tusubiri kipupwe. Kipupwe kikifika, nilisema baridi inakakamaza vidole. Waya mwembamba wa kwanza ulikatika, nikaenda dukani, nikaambiwa hauuzwi mmoja mmoja, unauzwa ndani ya seti. Basi nikangoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulipofika nikangoja unaofuata. Siku za Simba na Yanga zinajieleza zenyewe. Umeme ukikatika nilitangaza kuwa leo hakuna mazoezi, ingawa gitaa langu ni kavu na halijawahi kuchomekwa popote.

Wakati huo nikawa nasoma habari za Salum Abdallah ili nijitie nguvu. Zikanimaliza kabisa. Inasimuliwa kuwa kijana huyo, kwa kuzipenda santuri za Kikuba, alitoroka nyumbani ili aende Cuba kwenyewe akajifunze muziki. Alifika Mombasa, safari ikaishia hapo, akarudi Morogoro. Mwaka 1948 akaanzisha kikundi cha La Paloma, na baadaye kikawa Cuban Marimba, akakiongoza mpaka alipofariki kwa ajali mwaka 1965. Huyo ndiye mtu mwenye hamu. Yeye alianza safari ya kuvuka bahari. Mimi gitaa langu lilikuwa juu ya kabati, na nikiwa kitandani nililiona liko mbali.

Lakini ukiangalia vizuri, hata wakubwa hao hawakuiachia hamu kazi yote. Walikuwa na bendi. Kwenye bendi, mpiga solo asipofika mazoezini, mpiga besi anajua, mpiga ngoma anajua, na mwenye vyombo anajua zaidi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilifika mahali pa kuwalipa wanamuziki wake mshahara wa mwezi. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya mwajiri. Unaamka, hujisikii, kidole kinauma, umegombana na mwenzio nyumbani. Unakwenda hivyo hivyo, maana ni kazi. Nikaona kinachonikosesha mazoezi si kipaji wala muda. Sina mtu anayenisubiri.

Mtu huyo alipatikana, na wala hakuwa mpenda muziki.

Mama mwenye nyumba ni mama lishe. Alfajiri anapanga meza yake karibu na stendi ya Msamvu: chai, chapati, maharage ya nazi. Maharage hayo huchemshwa uani jioni ya kuamkia. Mtungi wa gesi anao, umevalishwa kitambaa cha kufuma, lakini gesi ni ya chai na wageni. Maharage ni ya mkaa. Mtu akipika maharage kwa gesi mtaani kwetu, watu wanauliza kama amepandishwa cheo. Sasa tatizo lake lilikuwa kwamba saa ya maharage ndiyo saa ya vikoba, na saa ya kufuata unga, na saa ya kudai wanaokula kwa mkopo.

Siku moja alisimama mbele yangu, mkono kiunoni.

“Baba, hilo dude unalikuna kwa mikono, sivyo?”

“Ndiyo, mama.”

“Macho yana kazi gani?”

Nikakosa jibu.

“Basi niangalizie maharage.”

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Tangu siku hiyo, saa kumi na mbili ikigonga, sufuria linatengwa, kigoda kinawekwa, na nikichelewa naitwa kwa jina la ukoo, mtaa mzima usikie. Hakuna aliyeniuliza kama ninajisikia. Maharage hayajali kama unajisikia.

Na yana mtaala wake. Maji yakiwa bado hayajachemka, napiga skeli polepole. Povu likipanda, nafunua mfuniko, na hapo napitia kodi nyepesi maana jicho moja liko kwenye sufuria. Likishatulia, moto umepoa kidogo, kuna kipindi kirefu kisicho na tukio lolote. Hicho ndicho cha F. Maji yakipungua unaongeza ya moto, kamwe si ya baridi. Hilo niliambiwa kwa sauti ya kubembelezea mtoto, siku ya kwanza. Maharage mapya yaliyolowekwa tangu mchana yanaiva upesi, na hapo mazoezi ni mafupi. Yale yaliyokaa ghalani mpaka yakazeeka yanagoma, na siku hizo nimepiga mpaka mbu wamebadilishana zamu.

Kuiva kunajulikana kwa kubonyeza punje moja. Hapa nilidhani nimepata faida ya ziada, maana ncha za vidole vyangu zilishaota sugu. Jioni moja, watoto wote wa uani wakiwa wamekaa, nilitia vidole sufuriani, nikachomoa punje kwenye maji yanayotokota, bila kupepesa jicho. Wakapiga makofi. Yalikuwa makofi yangu ya kwanza tangu ninunue gitaa. Kisha ikasikika sauti kutoka bombani:

“Mkono wa kushoto! Kwenye chakula cha watu!”

Na ni kweli. Sugu zote za mpiga gitaa ziko mkono wa kushoto, na wa kushoto hauingii kwenye sufuria la Msamvu. Siku hizi natumia kijiko.

Siku F ilipokubali, hakuna aliyeiandaa. Kidole kililala, nikapitisha ukucha, na nyuzi zote sita zikaitika, safi, hata ile ya pili ambayo siku zote ilikuwa inakoroma. Nikarudia. Ikaitika tena. Nikahama kwenda C, nikarudi F, nikahama, nikarudi, macho nimeyafumba. Pikipiki ya jirani ilizimwa. Babu alisimama dirishani, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu. Nilijua nimemgusa moyo. Kisha akanusa.

“Mjukuu wangu,” akasema, “kuna kitu kinaungua.”

Mama mwenye nyumba aliporudi alitazama chini ya sufuria, akanitazama mimi, akahamishia ya juu kwenye sufuria jingine bila kukwangua. Mwisho wa mwezi alinifungulia daftari lake. Kwenye ukurasa wangu kulikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani. Wa kwanza: kodi ya chumba. Wa pili: kodi ya F, maharage kilo mbili.

Wataalamu nao wana maneno yao. Mwaka 1993, Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin, wakaona waliokuwa bora kabisa walikuwa wamejikusanyia wastani wa zaidi ya saa 10,000 za mazoezi wakifikisha miaka 20. Nikapiga hesabu kwa sufuria moja la saa moja kila siku, bila kupumzika Idi wala Krismasi: miaka 27 na ushee ya maharage. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kuwa mabingwa wale walikuwa pia wakilala mchana zaidi kuliko wenzao. Somo hilo nililifaulu zamani, ratiba ikiwa bado haijapata mjusi.

Mambo yalikuwa yamenyooka hivyo mpaka serikali ilipoingilia. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mimi nauunga mkono kwa dhati, kwa afya ya akina mama na kwa misitu ya Uluguru inayotunza maji tunayokunywa. Sikujua tu kwamba utaanzia uani kwetu. Mtoto wa mama mwenye nyumba, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimtumia jiko la presha la umeme. Unatia maharage, unatia maji, unafunga, unabonyeza, unakwenda vikoba. Hayaungui. Hayahitaji macho ya mtu. Yakiiva, jiko lenyewe linapiga mlio.

Babu aliusikia akiwa anapita. Akasimama, akaegemea bakora.

“Hilo,” akasema, “limetyuniwa.”

Jioni ya kwanza ya uhuru wangu nilikuwa na kila kitu: muda, umeme, seti mpya ya nyuzi, vidole visivyouma, na F inayoitika. Nilitazama gitaa juu ya kabati. Gitaa likanitazama. Nikalala mpaka isha. Ya pili vilevile. Ya tatu nilimkuta mjusi ametoka nyuma ya ratiba, amekaa juu ya kasha la gitaa.

Asubuhi nilikwenda bucha, nikarudi na makongoro, nikampa mama mwenye nyumba kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama. Nimekuletea mboga.”

Akayageuza, akayapima kwa macho. “Haya yanataka moto wa masaa, baba. Na kwa mfupa mkubwa hivi, mfuniko wa lile jiko haufungi.”

“Najua, mama. Nitayaangalia mwenyewe.”

Akawasha mkaa, akasogeza kigoda. Makongoro, nimekuja kugundua, yana skeli zote, kodi zote na nyimbo mbili nzima, na supu yake imeanza kuulizwa Msamvu. Kwa hiyo ukimwona mtu pale bucha la kwetu ananunua makongoro mara kwa mara, usidhani ana hela. Anajifunza gitaa.