Namna ya Kulidanganya Yai kwa Siku 21

Mwenzangu, kutotolesha kwa mashine ni udanganyifu, tena udanganyifu wa halali. Yai linatakiwa liamini kwamba limeatamiwa na mama. Likiamini, unapata kifaranga. Likishtuka, unapata viza na harufu yake. Hapa Kinyerezi mtu hujaza trei mbili, akatoa vifaranga saba, kisha akasema mashine ni mbovu. Mashine huwa nzima. Uongo wake ndio uliokuwa na matundu. Tuuzibe.

1. Chagua wa kumdanganya. Mayai ya trei ya dukani usihangaike nayo, kwa kuwa kuku walioyataga kwa kawaida hawafugwi na jogoo. Nenda kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa tetea wanane hadi kumi. Kabla hujauliza bei, uliza yametagwa lini. Yasizidi siku saba. Usiyaoshe, maana maji yanaondoa utando unaozuia vijidudu. Yaliyochafuka sana yapeleke kwenye chipsi mayai, nayo yatakuwa yamekufaa.

2. Yapumzishe. Yai lililotoka Chanika kwa bodaboda limerushwarushwa njia nzima. Lisimamishe ncha nyembamba chini, kivulini, saa 12 hadi 24, ndipo liingie kwenye mashine. Najua una haraka. Lipe usiku mmoja tu.

3. Igiza joto la mama. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5. Isiyo na feni, 38.5 hivi, ukipimia usawa wa juu ya mayai. Namba inayowaka kwenye kioo cha mashine usiiamini hata kama inapendeza. Njia ya mkato iko duka la dawa: nunua kipimajoto cha homa, kilaze katikati ya mayai, funga, kisha linganisha. Kifaranga wa kuku hutimiza siku 21. Wengi wakitoka siku ya 19, umezidisha joto. Wakijivuta hadi siku ya 23, umepunguza.

4. Geuza kama anavyogeuza mama. Chora X upande mmoja wa yai na O upande wa pili, kwa penseli. Geuza mara tatu au tano kwa siku. Chagua namba witiri, ili yai lisilalie ubavu uleule kila usiku. Ukiwa mvivu, panga mayai kwenye trei, ncha chini, inua upande mmoja kwa kipande cha mbao, na baadaye hamishia mbao upande wa pili. Umegeuza yote kwa mkono mmoja. Siku ya 18 acha kabisa, kifaranga anajipanga kutoka.

5. Pima maji kwa mizani. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Lakini sisi tuko pwani. Wakati wa masika hewa yenyewe imelowa, na anayejaza maji bila kupima anawazamisha vifaranga ndani ya ganda. Yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 ya uzito wake kufikia siku ya 18, ili chumba cha hewa kitanuke. Yai la gramu 50 lisome karibu gramu 44. Likiwa zito zaidi, punguza maji. Likiwa jepesi zaidi, ongeza. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi.

6. Jiandae na giza. Tunaishi jirani na mitambo ya gesi, Kinyerezi I peke yake ina megawati 150, ila umeme wake unaingia gridi ya Taifa kwanza na ujirani haukupi upendeleo. Ukikatika, usifungue mashine. Ifunike blanketi, acha matundu ya hewa wazi, weka pembeni chupa za maji ya moto. Mayai huvumilia baridi ya saa chache. Joto la kupita kiasi ndilo linaloua haraka, kwa hiyo usiiweke mashine kwenye chumba cha bati kinachopigwa na jua la jioni.

7. Mulika, kisha piga hesabu inayokupendeza. Siku ya 7 ingia gizani na tochi ya simu. Mishipa myekundu iliyotawanyika kama utando wa buibui ni uhai. Yai jeupe tupu, mara nyingi, ni la kumuuliza jogoo. Duara la damu ni kifo cha mapema: chunguza joto, safari na umri wa yai. Sasa hadhi yako. Uliweka 50, yenye uhai 38, wametoka 30. Jirani akiuliza, mwambie asilimia 79 ya yenye uhai, nayo ni kweli. Kwenye daftari lako andika asilimia 60, maana umelipia yote 50.

8. Wanyime watazamaji. Siku ya 21 watoto wa mtaa watakuja kutaka kuona. Usifunue. Ukifunua, unyevu unatoroka, utando unakauka na kumbana kifaranga aliyeanza kutoboa. Waliotoka hawafi njaa, kiini walichokiingiza tumboni kinawatosha siku nzima na zaidi. Wape watoto miadi ya kesho.

9. Malizia kwa kumdanganya kuku mwenyewe. Tetea anayeatamia muda huohuo mwachie mayai yake kumi. Usiku, vifaranga wa mashine wakishakauka, waingize taratibu chini ya mbawa zake. Asubuhi mara nyingi atawalea wote, nawe umepunguza gharama ya taa.

Awamu ikiharibika, rekebisha jambo moja tu kabla ya inayofuata. Ukibadili jogoo, joto na maji kwa mkupuo, hata ukifaulu hutajua kilichokuponya. Pasua mayai yaliyogoma, andika kila moja lilifia siku gani, na hapo ndipo uanze kuziba.